Maswali ya wasomaji: Kebo mpya za betri kwenye gari la michezo la zamani

Starta inachoka injini ikiwa na moto

*Gari langu ni la michezo, la mwaka 1986, silinda sita, na betri iko kwenye buti. Asubuhi linawaka bila shida. Nikisimama kujaza mafuta nikarudi baada ya dakika kumi, starta inazunguka kivivu kana kwamba betri imekwisha, na betri yenyewe ni mpya. Nimeshauriwa nibadilishe kebo zote niweke nene. Ninunue unene gani, na nizifunge vipi?*

Huenda ulishauriwa vyema, ila shika multimita kwanza, dukani utakwenda baadaye. Kebo iliyochoka haijulikani kwa kuitazama: nje plastiki ni safi, ndani nyuzi za shaba zimekwisha kuwa kijani.

Chaji betri mpaka ikipumzika isome volti 12.6 au zaidi. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake. Mita iwe kwenye volti za DC. Ncha moja iguse terminali ya chanya ya betri, yaani ile risasi yenyewe, si kibano kilichoivaa. Ncha ya pili iguse bolti nene ya starta inayopokea kebo. Kwa kuwa betri yako iko nyuma, refusha ncha ya mita kwa waya wowote mwembamba. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo wembamba huo hauharibu kipimo. Mwenzako azungushe starta kwa sekunde tano, asizidishe. Namba utakayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani. Ikizidi 0.5, upande wa chanya una kasoro. Kisha pima upande wa pili: terminali ya hasi ya betri na ganda la starta. Huko usikubali zaidi ya 0.3.

Pima gari likiwa na moto, kwa sababu ndipo ugonjwa unapojitokeza. Kila nyuzi moja ya joto huongeza ukinzani wa shaba kwa karibu asilimia 0.4, hivyo kebo iliyopata joto la nyuzi 80 huzuia umeme kwa karibu robo zaidi ya ilivyokuwa kwenye nyuzi 20. Nyaya zilizomo ndani ya starta nazo hupatwa na hayo hayo.

Ukikuta namba kubwa, sogeza ncha ya mita kipande kwa kipande: kutoka terminali hadi kibano, kibano hadi kebo, kebo hadi lagi ya starta, yaani kichwa cha shaba chenye tundu kilicho mwishoni mwa kebo. Mara nyingi sana volti zote zinapotelea kwenye sentimita mbili za kiungo kilicholika, na mita nne za kebo zilizobaki hazina kosa. Na kama pande zote mbili zimepita mtihani huku starta bado ni nzito, ziache kebo. Starta iliyokwisha brashi au bushi haiponi kwa kebo nene.

Tuseme kipimo kimeilaumu kebo. Kwa starta inayovuta ampea 180 kupitia kebo ya mita 4, hesabu ya shaba baridi ni hii: kebo ya 16 mm² (milimita za mraba za shaba) inapoteza volti 0.77, ya 25 mm² inapoteza 0.5, ya 35 mm² inapoteza 0.35, ya 50 mm² inapoteza 0.25, na ya 70 mm² inapoteza 0.18. Sisi tungekuchagulia 50. Kutoka 50 kwenda 70 unapata volti 0.07 tu, na unalipia faida hiyo kwa kebo isiyokubali kupinda penye kona na yenye zaidi ya gramu 600 za shaba kwa kila mita. Mwenye betri mbele, mita moja tu kutoka kwenye starta, anatosheka na 35.

Nunua shaba tupu yenye nyuzi nyingi nyembamba. Sokoni kuna kebo za alumini zilizopakwa shaba. Kwa nje ni pacha, lakini ni nyepesi mkononi, na ukikwangua uzi mmoja kwa kisu ndani unatokea mweupe. Hizo hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba, na lagi iliyobanwa juu ya alumini hulegea kadiri miezi inavyopita. Kebo ya mashine ya kuchomelea inapinda vizuri na wengi wanaipenda, lakini mpira wake mara nyingi hauvumilii oili na petroli. Ukiitumia, ivalishe mfuko wa kuikinga kwenye chumba cha injini.

Urefu upime kwa kamba ukifuata njia itakakopita kebo. Usiifuate kebo ya zamani, huenda ilivutwa na mtu kabla yako. Ongeza sentimita 15. Injini hutikisika juu ya mipira yake, na kebo isiyo na ulegevu kati ya bodi na starta hukatika kwenye shingo ya lagi.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha unayo namba ya siri ya redio. Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Sababu ni spana: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeunganisha betri nzima kwa kipande cha chuma. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia na hasi hufunga kazi.

Hapa ndipo tunapoomba uwe mwangalifu kuliko penginepo pote. Kebo ya starta kwa kawaida haina fyuzi. Ikichubuka na kugusa bodi, hakuna kitakachoikata mpaka kitu kiungue. Kila tundu la bati inakopita liwe na mpira wa kuikinga unaoikaa sawasawa. Kebo mpya ni nene kuliko ya kwanza, kwa hiyo mpira wa zamani hautaifaa. Ifunge kwa vishikizo kila baada ya sentimita 25 hivi. Usiifunge pamoja na bomba la mafuta wala la breki, ipishe mbali na usukani na shafti, na karibu na eksozi acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi, kisha iongezee soksi ya kuzuia joto.

Bado upande wa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, ambao watu husahau. Umeme unaokwenda kwa kebo ya 50 mm² sharti urudi. Ukiacha athi nyembamba ya zamani, umeupanua mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili. Kata kebo fupi ya 50 mm² kutoka hasi ya betri hadi kwenye bati zito la bodi, lakini usitumie bolti ya mkanda wa kiti. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, duara la kipenyo kama cha lagi au zaidi kidogo, weka washa yenye meno, kaza, ndipo upake grisi au rangi juu kuzuia kutu. Kisha weka athi ya pili, ya 35 mm² au zaidi, kati ya injini au giaboksi na bodi. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme.

Ukimaliza, rudia vipimo vya mwanzo, kisha washa injini: kwenye terminali za betri usome kati ya 13.8 na 14.5.

Kubana au kutia lihamu?

*Fundi mmoja anasema lagi za kebo nene lazima zitiwe lihamu, mwingine anasema zibanwe tu. Nimsikilize nani?*

Msikilize wa pili, kwa sharti kwamba anabana kwa chombo cha kazi hiyo.

Lihamu ikiyeyuka hupanda ndani ya nyuzi na kuzigandisha ziwe kama fimbo. Pale fimbo inapoishia na nyuzi laini zinapoanza, mtikisiko wa gari hukunja mahali pale pale kila siku hadi nyuzi zinaanza kukatika moja moja. Isitoshe, lihamu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za joto. Kiungo kibovu chenye ampea 200 kinaweza kufika huko, na kebo ikachomoka wakati inahitajika zaidi.

Lagi iwe ya shaba iliyopakwa bati, yenye namba ile ile ya kebo, na tundu lake lilingane na bolti: bolti ya milimita 8 ipate lagi ya 8. Tundu la 10 juu ya bolti ya 8 linaingia kwa raha, ila linapunguza eneo la shaba kugusana na shaba. Menya plastiki kwa kina cha shingo ya lagi na milimita mbili zaidi. Zungusha kisu taratibu. Kila uzi unaoukata umepunguza unene uliolipia. Ingiza nyuzi zote, hata moja isibaki nje, kisha bana kwa koleo la haidroliki lenye meno ya pembe sita ya ukubwa huo huo. Shingo ndefu ibanwe mara mbili. Nyundo na patasi huacha mwanya ndani, na mwanya huingiza unyevu.

Vuta kwa nguvu zako zote. Ikisogea hata kidogo, ikate uanze upya. Ikiwa imara, funika shingo na sentimita 3 za kebo kwa mpira unaonywea kwa joto, ule wenye gundi ndani. Mpira huo uvalishe kebo kabla hujabana lagi ya pili, la sivyo kichwa cha lagi kitauzuia kuingia.

MGB ya 1965 yenye chanya kwenye bodi

*Nina MGB, gari la michezo la Kiingereza, ya 1965 ambayo bado ina mfumo wake wa kwanza. Nimenunua seti ya kebo, nyekundu na nyeusi. Nyekundu iende kwenye starta?*

Hapana, na tunafurahi umeuliza kabla ya kufunga. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilitoka kiwandani chanya ikiwa imefungwa kwenye bodi. Kebo yako ndefu inayokwenda mbele ni hasi. Rangi uzipange hivi: nyekundu ndiyo fupi inayokwenda kwenye bodi, nyeusi ndiyo ndefu. Kama seti imekatwa kinyume, zungushia utepe wa rangi sahihi kwenye ncha zote mbili, maana atakayelifungua gari hili baada yako atafuata rangi.

Zingatia pia ukubwa wa vibano. Terminali ya chanya ya betri huwa nene kuliko ya hasi. Kibano cha kebo ya bodi kilichotengenezwa kwa hasi hakitaingia kwenye chanya yako, na cha chanya kikivalishwa hasi kitacheza. Usikate risasi wala usijaze kwa kipande cha bati. Badilisha kibano.

Gari lako lina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, zilizounganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo vipande vya kubadilisha ni vitano: wa kuunganisha betri kwa betri, wa betri hadi bodi, mrefu unaopita chini ya gari hadi solenoidi (swichi ya sumaku inayoipa starta umeme) iliyo kwenye bati la pembeni la chumba cha injini, wa solenoidi hadi starta, na athi ya injini. Kile cha betri kwa betri husahaulika, ilhali umeme wote wa starta hupitia humo. Na athi ya injini ikikosekana, umeme hujitafutia njia ya kurudi kupitia kebo ya akseleta au ya choki. Kebo ya choki ikiwa moto mkononi wakati wa kuwasha, tafuta athi hiyo.

Kanuni ya kufungua nayo inageuka: kwako wewe hutangulia kufungua chanya, kwa kuwa ndiyo iliyoshikana na bodi. Kubadilisha gari liwe hasi kwenye bodi ni kazi nyingine, inayogusa dainamo na kila kifaa cha kielektroniki kilichomo. Usiifanye kwa bahati mbaya kwa kufuata rangi za seti.

Kebo mpya, lakini "ta!" tu

*Nimeweka kebo za 50 mm², athi nimesafisha, vipimo vyote ni vizuri. Gari likiwa na moto nikigeuza ufunguo nasikia "ta!" moja, kisha kimya. Likipoa linawaka.*

Kebo zako hazihusiki. Solenoidi hupata amri kwa waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, na swichi ya zamani mara nyingi imelika ndani. Pima volti kwenye waya huo, pale unapoingia kwenye solenoidi, ufunguo ukiwa umegeuzwa, huku gari likiwa na moto. Ukipata chini ya volti 10 hivi wakati betri ina zaidi ya 12, weka rilei ya ampea 40, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, karibu na starta. Waya wa zamani uiamshe rilei, na waya mpya wa 4 mm², wenye fyuzi ya ampea 30, ulete umeme kutoka bolti nene ya starta hadi kwenye solenoidi. Swichi itabaki na kazi ya kuamsha rilei peke yake, na hiyo haihitaji hata robo ya ampea.

Kama volti ni nzuri na bado "ta!" ni ile ile, shusha starta ukague sahani za shaba zilizo ndani ya solenoidi.