Mbona mji wangu hauna treni

Mdogo wangu ni muuguzi, anafikiria kuja Uingereza, na juzi kaniuliza: "Dada, uko kwenye nchi iliyoanzisha treni, mbona kila siku habari zako ni za basi na feri?" Shangazi akadakia kwamba labda nina gari na nawaficha. Shangazi, sina gari. Naishi Gosport, kusini kabisa mwa Uingereza, mji wa watu zaidi ya 80,000 usio na stesheni.

Ilikuwepo. Ilifunguliwa Novemba 1841, na aliyeichora ni William Tite, msanifu mwenye jina kubwa enzi hizo. Akaijengea safu ndefu ya nguzo za mawe utadhani ikulu. Portsmouth, mji mkubwa ulio ng'ambo ya bandari, ulikuwa bado haujapata treni hadi 1847, hivyo msafiri wa kutoka London alishuka Gosport akavuka maji. Kampuni yenyewe iliitwa London and Southampton, ikalazimika kujiita London and South Western kwa sababu watu wa Portsmouth hawakutaka reli inayobeba jina la mahasimu wao, mji wa Southampton. Uhasama huo haujaisha. Nenda kauone siku timu za miji hiyo zinapokutana uwanjani.

Jeshi nalo lilikataa reli isipenye ukuta wa ngome ya mji, stesheni ikajengwa nje. Kisha 1845 Malkia Victoria akanunua Osborne, kwenye kisiwa cha Wight, na mwaka huohuo ukuta ukatobolewa, reli ikasogezwa hadi gatini ili apande meli bila kukodolewa macho. Mwenye nguvu hasubirishwi, hata huku. Alipofariki Januari 1901, mwili wake ulivushwa kwa meli hadi Gosport, na tarehe 2 Februari ukaondoka hapa kwa treni kwenda London.

Lakini Portsmouth ilipopata reli yake, nani tena angepitia huku kwetu? Abiria wakapungua miaka nenda rudi. Mwaka 1941 mabomu ya Wajerumani yakachoma paa. Treni ya abiria ikakoma Juni 1953, ya mizigo ikafuata 1969. Ukitaja reli zilizofungwa, Waingereza wengi humlaumu Dk. Beeching, ambaye ripoti yake ya 1963 ilipendekeza kufunga stesheni zaidi ya 2,000. Kwa Gosport mnamwonea tu, kwa abiria mlango ulishafungwa miaka kumi kabla yake.

Kilichofuata ni ahadi. Kulikuwa na mpango wa tramu ambayo ingepita kwenye handaki chini ya bandari. Serikali ikaukataa 2005 kwa ajili ya gharama. Mwaka 2012 kipande cha njia ya reli kikageuzwa barabara ya mabasi ya kwenda Fareham, kwenye stesheni iliyo jirani. Basi hilo ndilo ninalolipanda. Linakwenda vizuri mpaka linapotoka kwenye njia yake na kuingia foleni na wengine. Na jengo la Tite sasa ni makazi ya watu, nguzo bado zimesimama.

Nyumbani treni ya Moshi ilikufa miaka ya 90, tukaisahau, na Desemba 2019 ikarudi. Hapa nchi ni tajiri mara ngapi, na haijarudi. Msidhani kila kitu Ulaya kinakwenda mbele tu.

Sasa wewe mdogo wangu. Kodi ninayolipa hapa ni nafuu kuliko vyumba nilivyoviangalia Portsmouth, na sababu mojawapo ni hiyohiyo, watu wanaogopa usafiri. Feri ni dakika chache na inakushusha mlangoni pa stesheni ya Portsmouth Harbour, kwa hiyo mtu wa zamu za mchana anaishi bila shida. Wewe utakuwa na zamu za usiku, na Haslar, hospitali kubwa iliyokuwa hapa Gosport, ilifungwa 2009. Kazi iko upande wa pili, na kwa barabara ni kuizunguka bandari yote.

Utahitaji gari. Leseni yako ya Tanzania itakubalika miezi 12 tu, halafu unafanya mtihani upya, wa nadharia na wa barabarani. Wenzetu wa Zimbabwe na Afrika Kusini wao wanabadilishiwa tu. Anza kuweka akiba ya masomo ya udereva sasa, kabla hujanunua koti.