Shangazi Anajibu: Sinema ya mtaa iliyoleta ugomvi

SWALI: Shangazi, kamwene. Wazazi wa mtaa wetu tulichangishana tukanunua projekta, ili Jumamosi jioni tutazame filamu pamoja na watoto wetu badala ya wao kujazana kibanda umiza cha video. Mara ya kwanza upepo uling'oa shuka. Mara ya pili filamu ilifika mahali pa aibu, baba mmoja akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Sasa wengine wanasema tuache. Tufanyeje?
Mzazi, Makambako

JIBU: Kamwene, mzazi mwenzangu. Msiache, nawaomba sana.

Upepo wa Makambako naujua, nimesubiri sana basi la Songea pale njia panda. Kwa upepo ule shuka ni tanga la jahazi. Tafuteni ukuta uliopigwa plasta vizuri, muupake rangi nyeupe isiyong'aa. Na msitamani picha kubwa mno. Mkiirudisha projekta nyuma mara mbili ya umbali, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo kubwa mara nne, na watoto wanaishia kutazama vivuli. Wakati wa mvua hamieni ndani, hata darasani, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu.

Sasa hilo la aibu. Mlitazama filamu yote kabla ya siku ile? Nauliza kwa sababu mimi yangu sikuitazama yote. Nilipokuwa nafundisha hapa Iringa niliandaa katuni kwa watoto wa darasa la tatu na wazazi wao. Nilikuwa nimeona nusu saa ya kwanza, wanyama wanarukaruka, nikaridhika. Jioni ile, ukumbi umejaa, mama wa yule mnyama mdogo akafa. Kulikuwa na mtoto aliyefiwa na mama yake mwezi uliotangulia. Hakulia. Alivuta sweta lake la shule juu hadi likamfunika kichwa, akakaa hivyo mpaka mwisho. Nilimwona taa zilipowashwa. Tangu siku hiyo sijamwonyesha mtoto wa mtu filamu ambayo sijaitazama hadi majina ya mwisho yapite.

Kwa hiyo teueni watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, waitazame yote Alhamisi. Na mtoto asiingie bila mtu mzima wa kukaa naye. Kibanda umiza kinaniuma hapo hasa: mtoto anaona mtu anachinjwa, na hana wa kumuuliza.

Filamu ikiwa ya lugha ya kigeni, tafuteni mtu mwenye ulimi mwepesi asimame na kipaza sauti atafsiri. Jambo hili ni la zamani kwetu. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa sinema uliokuwa na makao Vugiri, kule Usambara, na lori lake lilizunguka Afrika Mashariki likionyesha filamu vijijini, maelezo yakisikika kwa lugha za wenyeji. Bibi anayeelewa kisa hasinzii.

Muda: mwezi Juni jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, Desemba linakaribia saa moja. Anzeni giza likishaingia, chagueni filamu isiyozidi saa moja na nusu, watoto wawe wamelala kabla ya saa tatu na nusu. Juni na Julai kila familia ije na blanketi na mkeka. Baridi ya huko haina huruma.

Kibali msikipuuze. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976, inahusu filamu zinazoonyeshwa hadharani, na Bodi ya Filamu ndiyo inayozikagua na kuzipanga kwa umri. Anzieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na mwenyekiti wa mtaa ajue. Mwenye filamu naye aombwe: kununua nakala ya kutazama sebuleni hakukupi ruhusa ya kuionyesha mtaa mzima. Wasanii wetu wengi wanakubali wakiombwa kwa heshima.

Na yule baba aliyeondoka msimseme. Alimlinda mwanawe. Nendeni kwake wawili watatu, mkamwombe radhi, kisha mwombeni awe ndiye baba wa kutazama filamu siku ya Alhamisi. Jumamosi akae mbele, rimoti iwe mkononi mwake.