Siku moja Birmingham inatosha?

Ndugu uliyeuliza kama siku moja Birmingham inatosha: inatosha, ila uamke mapema. Treni kutoka London Euston ni kama saa moja na nusu. Anzia Gas Street Basin, bandari ndogo ya mashua za mfereji katikati ya jiji, ufuate mfereji kwa miguu hadi Jewellery Quarter, mtaa wa masonara. Hapo kuna makumbusho ndani ya karakana ya dhahabu iliyofungwa 1981 na kuachwa vilevile: zana mezani, mavazi ya kazi ukutani, hata vikombe vya chai. Usipaharakie hapo! Angalia tu kwanza siku wanazofungua. Jioni nenda Ladypool Road ukale balti, mchuzi unaoletwa kwenye karai lilelile ulimopikwa, unamega naani unachovya. Maduka ya Bullring mimi ningeyaruka.