Pilates ya mkekani kwa kijana wa kiume

Mdogo wangu wa Area C, umeuliza kama Pilates (mazoezi ya taratibu ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo) itakukaza tumbo na kiuno au ni mazoezi ya kina dada tu. Aliyeyaanzisha, Joseph Pilates, alikuwa mwanaume wa Kijerumani, na aliyaendeleza akiwa kizuizini mikononi mwa Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwa hiyo wanaokucheka hapo Dodoma waache wacheke.

Anza na zoezi la mia: lala chali, inua kichwa, mabega na miguu, pigapiga mikono kando ya mwili; vuta pumzi kwa mapigo 5, toa kwa 5, hadi 100. Mgongo ukibinuka, kunja magoti, usijitie ubabe. Mkeka mtupu kwenye sakafu ya saruji unaumiza, tandika blanketi. Maumivu yakishuka mguuni pamoja na ganzi, acha, nenda hospitali.