Mtoto akisema goti linamtekenya, usisubiri livimbe

Mwanangu alitahiriwa akiwa na miaka mitatu, damu ikachuruzika siku nne, chachi zinabadilishwa tu, shuka zinaloa, bibi yake anasema mtoto katupiwa jicho, hospitali ya kwanza wakaongeza nyuzi wakaturudisha nyumbani. Ya pili ndo daktari akaniuliza, mama, kwenu upande wa mama yako kuna mwanaume alikuwa anavuja damu hivi? Nikamkumbuka mjomba, alifariki baada ya kung'olewa jino. Wakapima, himofilia A, damu yake haina fakta 8 ya kutosha, ile protini inayosaidia damu kuganda.

Sasa mnisikilize, maana ukiielewa hii protini ndo utajua kwa nini nasisitiza haraka. Damu kuganda ni kama kupokezana vijiti, protini moja inaamsha nyingine. Fakta 8 ni likubwa, mnyororo wa amino asidi 2,332, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, lakini lenyewe halimwamshi mtu, kazi yake ni kumshika fakta 9 vizuri pale kwenye jeraha juu ya chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, ili fakta 9 amwamshe fakta 10, na lisipokuwepo kazi inakwenda polepole mno, damu inaendelea kutoka. Lina kipande cha mwishoni kinachonata kwenye chembe sahani, na kingine cha katikati, wanakiita B, kinakatwa na kuachwa likishaamshwa. Likiwa linazunguka mwilini linabebwa na protini nyingine inaitwa von Willebrand, bila hiyo linaharibika upesi. Na hata likibebwa, baada ya kama saa 12 nusu ya ile dozi ya fakta 8 aliyochomwa imeshaisha, kwa watoto wadogo hata mapema zaidi.

Ndo maana mtoto akikwambia goti linatekenya au lina joto, hata kama kwa macho huoni kitu, damu imeshaanza kuingia kwenye jointi, mchomeni dawa ya fakta 8 kwanza, mambo mengine baadaye. Dozi atapanga daktari kwa kilo zake. Ukichanganya ile poda ya fakta na maji yake usiitikise kama dawa ya kikohozi jamani, izungushe taratibu katikati ya viganja mpaka iwe safi, ukitikisa linatoka povu na protini inaharibika. Aspirini na diklofenaki hapana, maumivu tumia parasetamoli. Sindano ya makalioni kataa, waambie kabla hawajavuta dawa. Na wasichana msiwasahau, binti yangu naye tutampima maana anaweza kuwa amebeba hii himofilia ya ukoo, siku akijifungua wakunga wajue mapema.

Juzi saa kumi alfajiri kaniamsha, mama linatekenya. Nikawasha taa, nikatoa kichupa kwenye friji, nikakiacha kidogo kipoteze ubaridi, tukachoma. Saa moja na nusu alikuwa getini na begi lake la shule, anatembea mwenyewe.