Majibu yako yakitoka mazuri sana, usiende difensi kwanza

Mwangaluka wadau. Jumatano usiku nimepokea meseji ya kijana mmoja, anasema hivi: "Kaka shikamoo, nasoma masters ya umeme, msimamizi kanipa topiki ya kupima kwa probabiliti uhakika wa njia za kusafirisha umeme kwenye soko la ushindani. Simulesheni nimeshamaliza na majibu yametoka mazuri sana. Naweza kwenda difensi hivi hivi?"

Hilo "mazuri sana" ndo limenifanya nikose usingizi, maana na yangu yalitoka mazuri sana. Nikafeli hiyo difensi, yaani kutetea thesis mbele ya watahini. Na najua wengi mnaonisoma mpo njia hiyo hiyo, masters, kisha PhD, kisha kiti kwenye chumba cha kuongozea gridi, kwahiyo kaeni niwape mkasa wote.

Kusoma makala na kujifunza kuprogramu miezi minne nairuka, hakuna la maana pale zaidi ya chai. Data niliyotumia ni ile gridi ya mfano ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, ya mwaka 1979, wanaofanya haya mambo wote wanaijua, nodi 24 yaani sehemu laini zinapokutana, mashine 32 za kuzalisha zenye jumla ya megawati 3,405, mahitaji ya juu kabisa megawati 2,850, na laini pamoja na transfoma 38. Kwa kila kitu unapewa kinakufa mara ngapi na kinachukua muda gani kutengenezwa. Mfano mashine ya megawati 400 inafanya kazi wastani wa saa 1,100 kisha inalala saa 150, ukigawanya 150 kwa jumla ya zote mbili, 1,250, unapata 0.12, yaani katika kila saa 100 tegemea 12 hayupo.

Halafu unacheza bahati nasibu. Kompyuta inatoa namba kati ya 0 na 1 kwa kila mashine na kila laini, ikitoka chini ya namba yake, kama ile 0.12, basi leo kimelala, ikizidi kipo kazini. Ukishajua nani kalala nani yupo unapiga hesabu ya umeme unapita wapi, laini gani imezidiwa, mji gani inabidi ukatiwe na megawati ngapi. Unaandika pembeni, unarudia. Mara laki moja. Mwisho unapata nishati inayotarajiwa kukosekana kwa mwaka, na ile LOLP, yaani uwezekano wa mahitaji kuzidi umeme uliopo. Ndo Monte Carlo hiyo, haina uchawi, na ina raha yake kwa sababu ile njia ya zamani ya N-1 inakuuliza kitu kimoja tu, je kikifa kimoja chochote mfumo unabaki salama? Ndiyo au hapana. Haikuulizi hicho kimoja kinakufa mara ngapi wala kikifa hasara ni kiasi gani.

Namba yangu ilitoka ndogo mpaka nikaipiga picha nikamtumia rafiki yangu. Aisee nilijiona. Suti nikaazima, viatu nikapeleka kwa fundi.

Siku ya difensi walikaa watatu. Wawili waliuliza maswali ya kawaida, sura ya tatu mbona fupi, nukuu hii mbona haina mwaka. Wa tatu mzee mmoja mkimya alikuwa anafunua tu karatasi, mwisho akaniuliza, "Hizi laini mbili zinapita wapi?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa, zinatoka nodi fulani kwenda nodi fulani. Akasema, "Sijakuuliza zinatoka wapi wala zinakwenda wapi. Zimesimama juu ya nini?"

Nikanyamaza.

Akanigeuzia karatasi ya data yenyewe, ile ile niliyodai nimeitumia, pameandikwa waziwazi laini zipi zinabebwa na mnara mmoja. Mimi ule ukurasa niliuruka, nilichukua majedwali tu. "Mnara ukianguka inabaki ipi?" Hakusubiri jibu, akafunga kitabu changu. Nilipewa marekebisho makubwa na miezi sita, na mpaka leo nikikumbuka mlio wa lile jalada tumbo linanikata, japo namheshimu sana yule mzee, isipokuwa angeweza kuniambia miezi miwili kabla wakati nampelekea rasimu na anaipokea kwa mikono miwili. Basi tu.

Ngoja niwaonyeshe ukubwa wa kosa. Tuseme laini moja ina uwezekano wa 0.001 wa kuwa haipo, mwaka una saa 8,760 kwahiyo ni kama saa tisa kwa mwaka. Ukizihesabu mbili kama watu wasiojuana, kukosekana zote kwa pamoja ni 0.001 mara 0.001, inakuja kama sekunde 32 kwa mwaka mzima. Nani anaogopa sekunde 32? Sasa ule mnara wao mmoja upe uwezekano mdogo tu wa 0.0001 wa kuanguka. Zinakuwa dakika 53. Kutoka sekunde 32. Laini hazijaongezwa wala kuharibiwa, kilichoongezeka ni mnara niliousahau.

Nikarudi Tabora kwa mama na begi langu na suti ya watu. Ilikuwa Desemba, embe zinaoza chini, nikaweka laptop sebuleni nianze upya. Betri ilishakufa zamani, inaishi kwa waya. Nikaiacha usiku inahesabu, sampuli, yaani marudio, elfu sitini kati ya laki, ikapiga mvua ya radi umeme ukakatika na mimi sikuwa nimehifadhi hata moja. Mama akaja na tochi akasimama mlangoni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, si ulisema unasomea umeme usikatike?"

Kwahiyo hifadhi kila baada ya sampuli elfu. Na kama unadhani utapunguza kosa la makadirio kirahisi, ukitaka lipungue nusu sampuli zinatakiwa ziwe mara nne, kwahiyo usiku mmoja unageuka usiku nne. Ushauri wa kwanza huo.

Ushauri mwenyewe hasa niliupata Kigoma na sikuufuata, nilifuata nauli. Mjomba wangu alikuwa anatengeneza barafu Kibirizi, pale mwaloni, anawauzia wenye migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, na mimi nilikuwa sina hata mia ndo nikapanda treni nikamsaidie kuandika madeni. Enzi hizo gridi ya taifa ilikuwa haijafika Kigoma, mji ulikuwa unaendeshwa na majenereta ya dizeli, na mjomba hakutaka kutegemea mtu, akanunua jenereta zake mbili. Kila mgeni anaonyeshwa. "Hii ikifa, ile ipo." Mzee hajawahi kusikia N-1 maishani mwake na alikuwa anaihubiri kuliko wahadhiri wangu.

Siku moja saa tisa usiku ya kwanza ikakohoa ikazima. Mjomba hana wasiwasi, akaenda kuwasha ya pili huku anapiga mluzi. Ikaenda dakika kumi. Ikakohoa. Fundi alikuja asubuhi akafungua filta, maji na tope. Zote mbili zilikuwa zinavuta dizeli kwenye pipa moja.

Nilikaa juu ya ndoo pale nikaanza kucheka, mjomba akanikasirikia kweli kweli, ananiambia mjomba wewe unaona mali inaharibika unacheka. Sikuwa nacheka barafu. Nilikuwa naona mnara wangu.

Kilichonifungua zaidi kilikuja wiki iliyofuata. Wanaojua ziwa wanajua dagaa na migebuka wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi inapumzika. Nikamuuliza mjomba, hivi jenereta zingezima wiki ya mbalamwezi? Akasema asingejali, angelala. Saa zile zile nne za kukosa umeme, wiki moja ni hasara ya kukopa, wiki nyingine ni usingizi. Sasa mimi kwenye thesis nilikuwa najumlisha megawati-saa zilizokosekana kwa mwaka kama vile zote zina bei moja! Kumbe swali la kukatika lini lina uzito sawa na la kukatika kiasi gani, na hapo ndo soko linapoingia.

Maana soko la ushindani linachanganya hii hesabu vibaya. Zamani shirika moja linamiliki mashine na laini, linajua kesho nani atawaka. Ukishaweka ushindani, anayewaka ni aliyeuza bei rahisi, na bei inabadilika kila saa, kwahiyo umeme unapita kwenye laini kwa mwelekeo ambao aliyejenga hakuufikiria. Angalia Italia tarehe 28 Septemba 2003, usiku wa manane, nchi inavuta umeme mwingi kutoka nje kwa sababu nje ni rahisi. Laini moja Uswisi ikagusa mti ikatoka, mzigo wake ukahamia kwa jirani, jirani akapata moto, waya ukalegea, dakika kama 25 baadaye na yeye akatoka, na karibu Italia yote ikawa giza. Ukizihesabu zile laini kama watu wasiojuana unapata namba nzuri sana. Zilijuana kwa sababu ya bei.

Texas Februari 2021 ni hivyo hivyo. Gesi, makaa, upepo, hata kinu kimoja cha nyuklia, kwenye karatasi ni vyanzo tofauti kabisa, baridi ikaja ikawakuta wote, bei ya jumla ikafika dola 9,000 kwa megawati-saa ambao ndo ulikuwa mwisho wa juu walioruhusiwa, na bado umeme haukuwepo wa kuuza, watu zaidi ya 200 walikufa. Pipa moja lile. Tena bomba la gesi linategemea umeme, na mtambo wa umeme unategemea gesi.

Na kuna wakati hii probabiliti yenyewe iliwekwa kwenye bei. Uingereza walipofungua soko lao mwaka 1990, kila nusu saa mwenye mtambo alikuwa analipwa bei ya soko pamoja na nyongeza, na nyongeza ni LOLP kuzidishwa na tofauti kati ya thamani ya umeme uliokosekana, walianza na pauni 2,000 kwa megawati-saa, na bei ya soko. Wazo zuri, hatari ikipanda malipo yanapanda. Shida ni kwamba kampuni kubwa ikisema mtambo wangu mmoja leo mbovu, LOLP inapanda na mitambo yake mingine yote inalipwa zaidi. Malalamiko hayakuisha mpaka mfumo ukaachwa 2001. Kwahiyo usidhani ile 0.12 ni tabia ya chuma peke yake, sokoni mashine nayo ina sababu zake za kuumwa.

Mtaniambia sisi huku Tabora na Kigoma soko tunalisikia redioni. Sawa, lakini gridi yetu imeshaungana na Kenya kwa laini ya kilovolti 400 kutoka Singida kupita Namanga mpaka Isinya, na kusini wenzetu wa SAPP, umoja wa mashirika ya umeme ya kusini mwa Afrika, wananunua na kuuziana umeme wa kesho yake tangu 2009, na sisi ni wanachama. Usisubiri lifike ndo uanze kusoma. Vijana wetu mna tabia ya kusubiri, mnashusha programu ya mtu, mnabonyeza, namba inatoka, mnashangilia. Mimi nilishangilia nikaona matunda yake. Fungua data, soma ukurasa unaochosha, kila vitu viwili ulivyoviandika kuwa havijuani uliza vinagawana nini, mnara, kituo, bonde la mto, bomba, fundi, mvua ya radi, bei. Ukimaliza uliza tena.

Niliporudi difensi mara ya pili namba yangu ilikuwa mbaya, mbaya mara nyingi kuliko ya kwanza, nikaitetea saa moja na nusu nikiwa na shati la kawaida. Nilipita. Yule mzee alinipa mkono akasema "sasa umefanya kazi", maneno matatu tu, nimeyakalisha moyoni kama cheti.

Kwahiyo mdogo wangu uliyeniandikia, marahaba, na jibu ni hapana, usiende. Nitumie kwanza orodha ya laini zako na zimesimama juu ya nini, na ufanye mtambo upi unawaka ubadilike na bei ndani ya bahati nasibu yako, sio kila sampuli ratiba ile ile.

Mwezi uliopita nilipita Kibirizi. Mjomba kazeeka ila barafu bado anauza, umeme wa gridi anao na jenereta zake mbili kaziweka za akiba, na safari hii kila moja ina pipa lake, kapaka moja bluu jingine jekundu. Akanishika mkono akanipeleka kuyaona, anasema mjomba ile habari yako ya pipa niliielewa. Nikamuuliza hii dizeli umenunua wapi.

"Kwa yule yule," akasema. "Nilichukua yote mawili siku moja, akanipunguzia bei."