Jibu: sindano ya plazma kwa kano ya kisigino

Ndugu, umeuliza kama plazma iliyotokana na damu yako mwenyewe inaweza kuponya kano ya kisigino inayokuuma kwa miezi kadhaa. Wazo hilo lina msingi: damu huchotwa mkononi na kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi chembe nyekundu zitue chini, kisha sehemu ya manjano iliyosheheni chembe sahani hudungwa palipoumia, kwa kuwa chembe hizo hutoa protini zinazochochea ukuaji wa seli, nayo kano hupata damu kidogo na hupona polepole.

Hata hivyo, kwa kisigino majaribio makini hayajatimiza matumaini hayo. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi waliilinganisha plazma na maji ya chumvi, na mwaka 2021 jaribio la Uingereza lenye watu 240 liliilinganisha na sindano isiyo na kitu. Katika yote mawili, waliodungwa plazma hawakupata nafuu kuwazidi wenzao.

Kwa hiyo ningekusihi utangulize mazoezi: simama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, kisha ushushe kisigino polepole hadi chini ya ukingo, kila siku kwa takriban wiki 12, ukiongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Lakini ikiwa maumivu yalianza ghafla kwa mlio, nawe huwezi kuinuka kwa vidole, huenda kano imekatika. Muone daktari leo hii.